Alama ya chaki kwenye nati

Kazi ya ufundi nilijifunza Gerezani, Dar es Salaam, kwenye uchochoro ambao ardhi yake ilikuwa nyeusi kwa oili chafu. Fundi aliyenifundisha alikuwa bingwa wa springi. Ukimletea Canter iliyoinamia upande mmoja, alichuchumaa nyuma yake, akafumba jicho moja, kisha akasema: ongeza jani moja kushoto. Tukiongeza, gari linakaa sawa. Nilikaa naye miaka sita, na nilipoondoka niliamini kwamba mambo ya gari yaliyobaki kunifundisha ni machache.

Mwaka 2006 nilihamia Winston-Salem, North Carolina, kwa grinikadi. Nikapata kazi ya usiku kwenye ghala, kupanga maboksi. Mchana nilirekebisha magari ya Watanzania na Wakongo wenzangu hapo hapo kwenye maegesho ya nyumba tulizopanga, ingawa haikuruhusiwa. Siku moja nilikuwa nimeinama juu ya Corolla ya dada mmoja, nimegusisha ncha ya bisibisi kwenye alteneta na mpini wake nimeuweka sikioni, nasikiliza beringi. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa amekaa barazani kwake. Alinitazama muda, akainuka bila neno, akaingia ndani, akatoka na bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao uliokuwa mweusi kwa jasho la miaka mingi. Akaja akainama upande wa pili wa injini, naye akasikiliza. Akanyoosha kidole: siyo alteneta, ni pampu ya maji. Alikuwa sahihi.

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Alikuwa mtu mweusi wa Marekani, mwenye umri wa kama miaka 68 wakati huo, mzaliwa wa Danville, Virginia, mji ulio karibu kabisa na mpaka wa North Carolina. Maisha yake yote alikuwa fundi. Mimi nilimwita Mzee, kwa Kiswahili hivyo hivyo, nikamweleza maana yake, akalipenda. Yeye aliniita mwanangu.

Mwezi wa Mei akaniambia Jumamosi nisichukue zamu, ananipeleka kwenye mbio.

Lazima nieleze nilichokuwa nacho kichwani niliposikia neno mbio. Sisi kwetu mbio za magari ni Safari, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baba yangu alikuwa akitusimulia Joginder Singh na Shekhar Mehta kama watu wengine wanavyosimulia mashujaa wa vita. Mbio kwangu zilikuwa maelfu ya kilomita, matope ya kumeza gari, na wanakijiji wakilisukuma litoke. Sasa Mzee ananipeleka Bowman Gray, uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani ulio katikati ya mji, na kuzunguka majani ya uwanja ule kuna njia ya lami isiyo na mwinuko wowote, urefu wake robo maili, yaani kama mita 400. Hapo ndipo magari zaidi ya 20 yatakaposhindana. Nilidhani ni burudani ya watoto.

Bill France na mwenzake Alvin Hawkins walianzisha mbio za kila wiki pale mwaka 1949, na bado zinaendelea kila kiangazi. Richard Petty, ambaye alimaliza maisha yake ya mbio na ushindi 200, ushindi wake wa 100 aliupata kwenye njia ile ile ya mita 400, mwezi Agosti 1969. Mzee aliniambia hayo tukiwa kwenye foleni ya tiketi, na nilimsikiliza kwa heshima tu. Kisha bendera ya kijani ikashuka, na moshi wa mpira ukatupanda usoni.

Sijui nianzie wapi. Kwenye njia fupi kama ile hakuna sehemu ya kupumzika. Gari linatoka kona moja, dereva anakanyaga mafuta kwa sekunde chache, tayari anatakiwa afunge breki kwa kona nyingine. Hakuna nafasi ya kumpita mwenzako kistaarabu. Ama umsubiri akosee, ama umguse bampa ya nyuma mpaka mkia wake ufunguke. Watu zaidi ya elfu kumi wanapiga kelele, na wanamjua kila dereva kwa jina, na baba yake, na babu yake, na nani alimgonga nani mwaka gani. Karibu nasi alikaa bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa amemzomea dereva mmoja mpaka sauti ikakauka. Dereva yule alipojibamiza ukutani, bibi alishika kifua na kusimama mpaka alipomwona ametoka garini kwa miguu yake, kisha akaketi na kuendelea kumzomea.

Zilikuwapo pia bendera za majimbo ya Kusini yaliyojitenga zamani, zile za vita vya kulinda utumwa, kwenye fulana na kwenye magari nje. Wakati ule hakuna aliyezikataza. NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, ilizipiga marufuku kwenye mashindano yake mwaka 2020 tu. Niliziona, nikamtazama Mzee. Alikuwa anatazama njia. Baadaye aliniambia amezitazama bendera hizo tangu utotoni, na kwamba alishaamua zamani kuwa injini hazitakuwa mali ya wenye bendera peke yao.

Raundi ya kumi akanigusa goti. "Usimtazame anayeongoza," akasema. "Mtazame wa sita." Nikamtazama wa sita. Sikuona kitu. "Mikono yake," akasema. Dirisha la gari halina kioo, kwa hiyo dereva akiingia kona unaona viwiko. Wa kwanza alikuwa akikata usukani mara mbili au tatu katika kona moja, kama mtu anayepigana na ng'ombe. Wa sita alikata mara moja tu, akaurudisha taratibu, gari likafuata. Raundi ya kumi na tano alikuwa wa nne. Raundi ya ishirini alikuwa wa pili, na aliyekuwa akiongoza matairi yake yalikuwa yamekwisha, mkia unatoka kila kona. Mzee hakusema tena neno. Mimi ndiye niliyeinuka nikapiga kelele.

Nyuma ya nyumba ya Mzee palikuwa na banda la mabati lenye gari la mbio la mjukuu wake, kijana wa miaka 19, aliyeendesha daraja la chini kwenye kiwanja kidogo cha udongo, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Tangu Jumamosi ile nikawa mtu wa banda lile. Kila Jumanne na Alhamisi, kabla ya zamu yangu ya usiku, nilikuwa chini ya gari lile, na huko ndiko nilikogundua ufundi wangu wa Gerezani ulikuwa na nusu moja tu. Sisi tulifundishwa kulifanya gari liende sawa. Gari la njia fupi linakata kona za kushoto tu, usiku kucha, kwa hiyo fundi wake anatakiwa kuliharibu kwa makusudi, na kuliharibu kwa kipimo.

Kipimo cha kwanza alichonifundisha ni cha matairi. Alichukua kikombe cha karatasi cha kahawa, akamwaga yaliyobaki, akakilaza mezani na kukisukuma kwa kidole. Kikombe hakikwenda mbele, kilizunguka, kwa sababu mdomo wake ni mpana kuliko kitako. "Hilo ndilo gari letu," akasema. Difu la nyuma la gari la mbio limefungwa, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja. Ukiweka tairi la kulia lenye mzunguko mkubwa kidogo kuliko la kushoto, gari lenyewe linataka kwenda kushoto, kama kile kikombe. Tofauti ikiwa ndogo, pua inagoma kuingia kona. Ikizidi, mkia unachomoka, na kwenye sehemu iliyonyooka dereva anapambana na usukani.

Kwa hiyo kazi yangu ikawa utepe wa kupimia. Matairi mawili ya aina moja, yenye ukubwa ule ule ulioandikwa ubavuni, hayalingani hata siku moja. Unalijaza upepo, unalizungusha utepe katikati ya kashata zake, unasoma, unaandika kwa chaki ubavuni mwa tairi. Unaliacha juani, unapima tena, maana limetanuka. Tulikuwa na matairi 11, karibu yote yamenunuliwa yakiwa yametumika kwa timu zenye fedha, na kila moja nililijua kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake. Lilikuwapo moja ambalo kila likipata moto lilikua kuliko yote. Mzee alilitunza kwa siku zenye umande, udongo ulipokuwa umeshika.

Udongo nao ni somo. Ni ule mwekundu, mfinyanzi, wa majimbo ya Kusini. Ukiushika unafanana kabisa na wa Lushoto. Jioni wanaumwagia maji na kuupondaponda kwa magari mazito. Mbio za kwanza unanata kama ugali, magari yanauma na kwenda kasi. Kufikia saa 4 usiku umekauka, umepigwa msasa na matairi, unang'aa kama sakafu ya saruji. Gari lililokuwa zuri saa 1 halifai tena saa 4. Fundi anatakiwa alitengeneze gari kwa ajili ya udongo ambao bado haujawapo, na Mzee aliufahamu kwa kuutembelea. Alishuka kwenye njia kabla ya mbio, akachimba kwa kisigino, akachukua donge, akalifinya. Donge likivunjika vipande viwili, tunaacha kama lilivyo. Likisagika, tunapunguza tofauti ya matairi na kulegeza springi ya nyuma kulia.

Ni katika banda lile ndipo aliponisimulia zamani.

Kwanza kuhusu gongo. Milima ya kaskazini-magharibi mwa North Carolina, hasa wilaya ya Wilkes, ilikuwa nchi ya gongo, na wao wanaliita kwa jina la mbalamwezi kwa sababu lilipikwa usiku. Vijana walilibeba kwenye Ford za mwaka 1939 na 1940, viti vya nyuma vimeng'olewa, mpaka mijini, kwa barabara za milimani, taa zikiwa zimezimwa pale ilipobidi. Injini waliziongezea nguvu, na springi za nyuma walizikaza ili gari lililojaa pombe lisikalie mkia na kumshtua askari. Mimi nilicheka kwa furaha, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yangu ya Gerezani: ongeza jani moja.

Junior Johnson, aliyeshinda mbio 50 za daraja la juu, alitoka huko huko Wilkes. Barabarani hawakumkamata kamwe. Walimkamata mwaka 1956 kwa miguu, kwenye mtambo wa baba yake, akafungwa miezi 11. Mwaka 1986 Rais Reagan akamsamehe rasmi. Na tarehe 19 Juni 1949, kwenye kiwanja cha udongo cha Charlotte, NASCAR ilipoandaa mbio zake za kwanza za magari ya kawaida, aliyevuka mstari wa kwanza alikuwa Glenn Dunaway na Ford ya mwaka 1947. Wakaguzi wakalala chini ya gari, wakakuta springi za nyuma zimeguswa kwa namna ya wabeba gongo. Wakamfuta, ushindi wakampa Jim Roper aliyetoka Kansas na Lincoln yake. Siku hiyo hiyo Lee Petty alipindua Buick ya kuazima iliyofika kiwanjani kwa magurudumu yake yenyewe, na mwanawe Richard, mtoto wa miaka 11, alikuwa pale anaangalia.

Mzee aliisimulia habari ya Dunaway akiwa ameshika springi mkononi. Sikumwuliza alikuwa upande wa nani. Alikuwa fundi; alikuwa upande wa springi.

Magari ya utoto wake yalikuwa kweli ya kawaida. Milango ilifungwa kwa mkanda wa ngozi isifunguke kwenye kona. Taa zilizibwa kwa utepe ili vioo visimwagike njiani. Dereva alivaa fulana, leso puani, miwani ya vumbi. Danville kulikuwa na mbio kwenye viwanja vya maonyesho, na yeye alikuwa na miaka 14, akikaa pale watu weusi walipotengewa. Aliniambia vumbi lilipotulia mwishoni mwa usiku, watu wa pande zote mbili walikuwa na rangi moja, nyekundu. Hakusema kwa uchungu wala kwa kupamba. Alisema kama anavyoeleza hali ya hewa.

Hapo ndipo alipomwona Wendell Scott.

Kama hujawahi kulisikia jina hili, nakuomba ulishike. Wendell Scott alizaliwa Danville mwaka 1921. Aliendesha teksi, akawa fundi katika jeshi la Marekani Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi, akafungua gereji, na yeye pia akabeba gongo. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za pale Danville walitaka dereva mweusi ili watu wajae kutazama kioja. Wakawauliza polisi ni mtu mweusi gani mjini mwenye mbio, na polisi, waliomfukuza usiku mara nyingi, wakawapa jina lake. Mwaka huo huo alivuta gari lake mpaka hapa Winston-Salem kushindana katika mbio za NASCAR. Wakamwambia mtu mweusi haruhusiwi. Akageuza, akarudi Danville.

Hakuacha. Alishindana kwenye njia fupi za Virginia zilizompokea, akapata leseni, mwaka 1959 akawa bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lake, na mwaka 1961 akaingia daraja la juu kabisa. Huko alianza mbio 495. Alikuwa dereva, fundi na mwenye gari, na wasaidizi wake walikuwa watoto wake. Injini alizifunga mwenyewe, matairi alinunua yaliyokwisha tumika, vipuri vilivyotupwa na wenzake yeye alivirudisha kazini. Na kwa hali hiyo alimaliza ndani ya kumi bora mara 147. Mwaka 1966 alikuwa wa 6 kwa pointi za msimu mzima.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu fundi yeyote wa Gerezani, wa Gikomba au wa Kisenyi anajua idadi hiyo ina maana gani. Mbio hulipwa kwa nafasi uliyomaliza. Mwenye kiwanda nyuma yake anaweza kuivunja injini leo na kuletewa nyingine kesho. Mtu wa Danville akiivunja, wiki ijayo watoto hawana ada. Kwa hiyo anaendesha kwa masikio. Anasikia beringi inaanza kulia raundi ya 60, anapunguza kidogo kwenye sehemu iliyonyooka, anaibembeleza, analiingiza gari nyumbani wa nane, wa tisa, mfukoni ana pesa za kununua beringi. Mtu aliyeko jukwaani anaona gari la kati tu, halimsisimui. Mzee alikuwa akiniambia tangu usiku ule wa kwanza: mtazame wa sita. Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa alikuwa akimzungumzia nani.

Sasa niseme kosa langu.

Ilikuwa Julai, msimu wangu wa tatu. Kijana alikuwa anaendesha vizuri, wa tano kwa pointi za kiwanja, na Jumamosi hiyo alitakiwa kuanza mstari wa pili. Kabla ya mbio kuu nilibadilisha tairi la mbele kulia. Nati tano. Nilizikaza tatu kwa wilspana, nikawa nimeshika ya nne, mtu wa timu jirani akaniita nimshikie jeki lao lililokuwa linateleza. Nikaenda. Niliporudi, kijana alikuwa ameshawasha injini, wanaita magari yajipange. Nilipiga bodi kwa kiganja mara mbili, ishara yetu kwamba tayari, akaondoka.

Raundi ya nane alikuwa wa pili. Alipoingia kona ya tatu nikaona gurudumu linacheza, kama jino la mtoto. Kisha likatoka. Gari lilianguka kwa pua, likachimba udongo, likazunguka mara mbili na kusimama katikati ya njia, likitazama magari yanayokuja. Gurudumu lenyewe lilikwenda peke yake, likaruka ukuta, likapiga uzio wa waya mbele ya watu, likarudishwa ndani. Magari yote yalimkwepa. La mwisho lilimpita kwa nafasi ya mkono mmoja.

Kijana alitoka mzima. Hakunilaumu. Alinitazama tu, akavua helmeti, akasema, "Anko, zilikuwa zimekazwa?" Nikasema hapana. Sikuweza kusema zaidi ya hapo.

Mzee hakuniambia kitu usiku ule. Tulipakia gari kwenye trela, tukarudi kimya. Kwa siku nne sikwenda bandani. Niliona haya, na zaidi ya haya niliogopa, kwa sababu kila nikifumba macho naliona lile gurudumu likiuendea uzio, na mbele ya uzio palikuwa na watoto. Alhamisi akanigongea mlango mwenyewe. Akatoa mfukoni kipande cha chaki ya njano, akakiweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole juu yake. Tukaenda bandani. Akaniambia: unakaza nati kwa mpangilio wa nyota, siyo kwa kuzunguka. Unarudia kwa spana ya kipimo. Ikilia, unachora mstari mmoja wa chaki, nusu juu ya nati, nusu juu ya rimu. Huchori kabla. Huchori nati mbili kwa pamoja. Ukiitwa na mtu, hata akiwa mama yako, unamwambia subiri. Gari haliondoki mpaka mtu wa pili azunguke na kuiona mistari ishirini. Na baada ya raundi za mazoezi unatazama tena: mstari ukiwa umekatika, nati imetembea.

Nikamwuliza alijifunza wapi. Akasema alijifunza baada ya gurudumu la kwanza kumtoka, mwaka 1958.

Hadi leo kwenye gereji ninayofanyia kazi, hata Camry ya mama wa watu anayekwenda sokoni haiondoki bila chaki. Wenzangu walinishangaa mwanzoni, sasa nao wanachora.

Habari ya Jacksonville aliniachia mpaka mwisho, mwaka 2016, alipokuwa tayari anatembea kwa mkongojo. Tarehe 1 Desemba 1963, kiwanja cha nusu maili cha udongo huko Jacksonville, Florida. Wendell Scott, Chevrolet namba 34, alikuwa mbele ya wote kwa raundi mbili nzima. Alipomaliza, bendera ya ushindi haikushuka. Akaendelea kuzunguka. Bendera akapewa Buck Baker, na kombe, na picha, na sherehe zote. Saa kadhaa baadaye, watu wameshaondoka, waamuzi wakakubali kwamba hesabu ilikosewa na mshindi ni Scott. Fedha alilipwa. Kombe halikurudi. Mzee aliamini, kama Scott mwenyewe alivyoamini, kwamba hawakutaka picha ya mtu mweusi akipigwa busu la ushindi na mrembo wa Kizungu mbele ya umati ule.

Mwaka 1963 Mzee alikuwa na miaka 25. Aliniambia habari ilipofika Danville, gereji zote za weusi zilifungwa mapema siku hiyo. Nikamwuliza walifurahi au walikasirika. Akafikiri sana. Akasema walikwenda kukaa tu pamoja, na mtu mmoja akaleta redio, ingawa redio haikusema lolote.

Scott alifariki Desemba 1990, na mwaka 2015 jina lake likaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa NASCAR. Mzee alifariki mwaka 2017. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mkewe alinipa ile bisibisi ya mpini wa mbao, na iko kwenye boksi langu la vifaa, droo ya juu.

Jumamosi ya tarehe 28 Agosti 2021 tulikuwa bandani, mimi na mjukuu, ambaye sasa ana mtoto wake wa miaka sita. Kulikuwa na mbio jioni. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la grisi, inaonyesha Daytona, ambako NASCAR ilikuwa inaikabidhi familia ya Wendell Scott kombe la Jacksonville, miaka 57 na miezi tisa baadaye, siku moja kabla ya kutimia miaka 100 tangu azaliwe. Tulisimama. Mjukuu alivua kofia. Mtoto akauliza kwa nini yule babu hakuja kulichukua mwenyewe, na baba yake akachuchumaa chini kumweleza, akianzia Danville, akianzia teksi, bila kuruka kitu.

Mimi nikawaacha, nikarudi upande wa nyuma kulia. Gari lilikuwa bado juu ya jeki, na nati mbili zilikuwa hazijachorwa.